Vitabu 30 na ushei, na barza haijasoma hata kimoja

Ukishuka gari Tumbe ukakata kwa miguu kuelekea Chwaka, kule kwenye magofu ya Haruni, utakuta na makaburi ya zamani ambayo watu wa pale wanayaita ya Wamazrui. Majani yamepanda, mbuzi wanajilia zao. Nilikwenda na mpwa wangu, yuko fomu thri, katoka mjini kuja Pemba likizo na kazi yake yote ni simu, nikamwambia leo utaona historia kwa macho yako. Kaangalia, kapiga picha mbili, afu akaniuliza, "Mjomba, hawa ndo kina yule Mazrui wa YouTube, yule mzee wa nywele nyeupe anaeongea Kiingereza kigumu?" Nikamwambia ndo hao hao, ukoo mmoja. Akanambia, "Basi mbona skuli hatumsomi?" Nikampa jibu la kujitoa tu, utamsoma ukifika chuo kikuu, twende zetu jua kali.

Lakini lile swali limenikaa kooni kama mwiba wa changu. Maana kila ikifika Oktoba nawaona watu wanaposti picha ya Profesa Ali Mazrui, mwana wa Pwani, fahari ya Waswahili, Mungu amrehemu, na ukimuuliza mmoja wao huyu bwana hasa kasema nini, anakwambia alikuwa anakijua Kiingereza hasa. Basi. Mtu kafundisha miaka 50 hivi, kaandika vitabu zaidi ya 30, kagombana na nusu ya wasomi wa Afrika, na sisi tulichobaki nacho ni kwamba alikuwa anakijua Kiingereza.

Na huyu hatumuhusu kwa jina la ukoo peke yake. Wamazrui ndo walokuwa maliwali wa Mombasa kwa karibu karne nzima, kwa jina wako chini ya Oman, kwa vitendo wanajitawala wenyewe, na Pemba ilikuwa mkononi mwao. Hiki kisiwa ndo kilokuwa ghala lao, Mombasa ilikuwa haishibi bila ya mpunga wa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 Mabusaidi, ukoo wa watawala wa Oman, wakawanyang'anya Pemba na toka hapo hawakukaa sawa tena, wakafika hadi ya kumkubalia Kapteni Owen, Muingereza, apandishe bendera yake Mombasa mwaka 1824, tamaa yao moja kubwa ikiwa warejeshewe Pemba, na yule Muingereza baada ya miaka miwili mitatu hivi serikali yake ikamkana, bendera ikashushwa, kisiwa hakikurudi. Mwaka 1837 Seyyid Said, mtawala wa Oman, akawamaliza pale pale Mombasa, wakubwa wao wakakamatwa wakasafirishwa hadi Bandar Abbas na huko ndo ukawa mwisho wao. Kwa hiyo mtoto wa ukoo huu anapokuja kuwa profesa wa sayansi ya siasa, akatumia umri wake wote kuuliza nani anamtawala nani na kwa nguvu ya nini, mi sishangai hata kidogo. Walioshindwa wana kumbukumbu ndefu kuliko walioshinda, na hilo sisi Wapemba hatuhitaji kwenda chuo kufundishwa.

Sasa hebu tuanze na baba, maana bila ya baba huyu mtoto hafahamiki. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui ni mtu wa Mombasa lakini elimu yake kubwa kaivukia bahari kuja kuifata Unguja, kwa Sayyid Ahmed bin Sumeit na kwa Sheikh Abdalla Bakathir, yule wa madrasa ya Ukutani. Yaani ile njia ya Mombasa na Unguja ambayo mababu zao walikuwa wakiipita na majahazi ya vita, yeye kaipita na vitabu. Karudi kwao, na mwaka 1930 akaanzisha gazeti, Sahifa, likarasi dogo tu, na baada yake mwaka 1932 likaja Al-Islah. Gazeti lenyewe Kiswahili. Na hakuwa akiandika mambo ya mbinguni tu, kawasema Waislamu wa Pwani bila ya haya, kuuza ardhi, kuidharau elimu, kuiga Wazungu katika vitu vya kipuuzi na kuacha kuwaiga katika vya maana. Baadae, mwaka 1944, zile makala zikakusanywa zikawa kitabu, Uwongozi. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya na akafa nao ukadhi huo mwaka 1947.

Mtu wa sokoni, mchukuzi, muuza samaki, kama hajui kusoma anasomewa barzani na jioni yake wanabishana. Hilo lishike, ntalirudia.

Ali kazaliwa Mombasa tarehe 24 Februari 1933, baba kamfia ana miaka 14. Mpango wa mzee ulikuwa mtoto apelekwe Al-Azhar, Misri, awe sheikh kama yeye. Mpango ukafa na mwenye mpango. Akabaki na skuli ya Kiingereza, akafanya mtihani wa Cambridge, na hapa ndo napataka mpwa wangu apasome mara mbili: alipata daraja la tatu. Thadi gredi. Makerere, ambayo ndo ilokuwa chuo pekee cha maana kwa Afrika Mashariki nzima wakati ule, ikamwambia hatukutaki. Huyu huyu.

Akaenda kuwa karani. Na mahala alipokuwa karani nako kuna mkono wa Zanzibar, ni ile Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, watu walikuwa wakiiita MIOME, ambayo Sultani Khalifa bin Haroub wa kwetu alikuwa miongoni mwa waliotoa fedha ijengwe, pamoja na Aga Khan na Mabohora, na leo ndo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Kijana wa miaka 16, 17, anapanga mafaili, kufeli kushafeli. Kwa hesabu za leo ni yule unaemkuta kakaa Michenzani na cheti chake ndani ya bahasha ya kaki, kila mtu anamwambia karisiti.

Kilichomtoa ni Maulidi. Kuna Maulidi yalisomwa, Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, kaalikwa, na kijana Ali akapewa nafasi asimame azungumze. Kazungumza. Gavana akauliza huyu nani, na kutokana na hapo ikapatikana skolashipu ya kwenda Uingereza kumalizia masomo, mwaka 1955 yuko Huddersfield, mwaka 1960 kapata digrii ya kwanza Manchester tena ya juu, mwaka 1961 ya pili Columbia kule New York, na udaktari kaja kuupata Oxford mwaka 1966.

Watu wanaisimulia hii kama hadithi ya bahati, nasibu ya mtoto yatima. Mi sioni hivo. Kusimama mbele ya watu ukapanga hoja, ukaanza kwa hamdu, ukapanda, ukashuka, ukamfanya aliekuja kwa heshima tu ainue kichwa, hiyo ni fani, na ile fani hakuipata kwenye ule mtihani wa Cambridge, kaipata chuoni kwa mwalimu wa Kurani na kwenye barza ya baba yake, kutwa wazee wanaulizana mas-ala na yeye kakaa pembeni anasikiliza. Msikilize kwenye zile video anavyoongea, vile vituo, vile anavyorudiarudia neno na kuligeuza, ukitoa Kiingereza utabaki na khatibu wa Ijumaa. Mtihani haukuwa na sehemu ya kupima hicho. Na mpaka leo hauna. Ile sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilimtaka mtoto wetu aanze kusomeshwa hisabati na sayansi kwa Kiingereza darasa la tano, mwalimu mwenyewe Kiingereza chake cha kuvutia na kamba, matokeo yakitoka tunawaita watoto wavivu. Mimi mwenyewe nimekaa ndani ya darasa moja hapa hapa kisiwani, sitolitaja, mwalimu kamaliza kipindi kizima na tumetoka na neno moja, "andastendi?", na sote tukajibu "yes". Sijui ni Mazrui wangapi wameishia kupanga mafaili, na siku hizi ukisimama ukazungumza vizuri kwenye Maulidi unapewa halua na soda, unakwenda zako.

Mwaka 1963 Makerere iliyomkataa kama mwanafunzi ikamchukua kama mwalimu. Mwaka 1965, ana miaka 32, ni profesa kamili na mkuu wa idara ya sayansi ya siasa, hata ule udaktari wa Oxford haujamfika mkononi. Na hapo ndo kaanza kazi yake hasa, ambayo ukiniuliza mimi haikuwa kufundisha, ilikuwa kuchokoza. Tarehe 24 Februari 1966, siku ile ile anayotimiza miaka 33, wanajeshi wa Ghana wakampindua Nkrumah. Afrika nzima wasomi wanalia. Mazrui katoa makala ndani ya jarida la Transition, pale Kampala, kamwita Nkrumah mfalme wa Kirusi aliejivisha u-Lenin, akimaanisha kwamba alikuwa mkombozi mkubwa wa Afrika na hapo hapo alikuwa mtawala mbaya wa Ghana. Walimtukana matusi yote. Leo hii ile hoja ukiisema barzani kila mtu anatikisa kichwa, ndo hivo hivo, lakini yeye kaisema maiti ya serikali haijapoa.

Mwaka wa pili yake akatugeukia sisi. Katunga neno, Tanzafilia, ugonjwa wa kuipenda Tanzania, kwa sababu kaona wasomi wa Ulaya na wa kwetu wakifika Dar es Salaam wakimuona Nyerere mpole, kavaa shati la kawaida, anafasiri Shakespeare kwa Kiswahili, wanapoteza akili, hawaulizi tena maswali wanayouliza nchi nyengine. Na Mazrui mwenyewe alikuwa akimpenda Nyerere, hilo alikuwa halifichi, Nyerere alipokufa mwaka 1999 kamwandikia taazia nzuri sana na Ujamaa akauita kushindwa kwa kishujaa. Alikuwa na tabia hiyo, anakupenda na anakusema. Na Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, alipotoka Dar kwenda Makerere kubishana nae, mwanzo wa miaka ya 70, Rodney anasema ubepari ndo mama wa maradhi yote na Mazrui anasema taratibu bwana, ukumbi ulijaa, watu wakasikiliza hadi redioni. Fikiria, maprofesa wawili wanabishana na watu wamefungulia redio kama mpira!

Mi kinachonitia uchungu ni kuangalia huku kwetu miaka ile ile kulikuwa na nini. Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 haikuwa mahala pa kusimama ukasema mtawala ni mzuri huku na mbaya kule. Wasomi walikuwa wakiondoka, wengine usiku. Mwaka 1967 kaondoka Sheikh Abdalla Saleh Farsy, na Mwenyezi Mungu ana mipango yake, kaenda Kenya na mwaka 1968 kakalishwa kwenye kiti cha Kadhi Mkuu, kiti kile kile cha Sheikh Al-Amin, na mwaka 1969 ikatoka Kurani yake yote kwa Kiswahili, ile ya kijani na nyengine zilizofata, ipo nyumba nyingi hapa. Mzanzibari kashika kiti cha baba na lugha ya baba. Mtoto wa kumzaa yuko Kampala, anaandika Kiingereza.

Kampala nako hakukukalika. Idi Amin kachukua nchi Januari 1971, mwanzo alikuwa akimtaka Mazrui awe mtu wake wa karibu, wa kumshauri. Mwaka 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka kachukuliwa mchana ndani ya mahakama, Makamu Mkuu wa Chuo cha Makerere, Frank Kalimuzo, kachukuliwa, hawajaonekana tena. Mwaka 1973 Mazrui kaondoka. Kutoka hapo ni Marekani, Michigan toka 1974, afu Binghamton kule jimbo la New York ambako kaanzisha taasisi yake ya tamaduni za dunia na kukaa hadi kufa. Kenya kwao walimkumbuka mwaka 2003, Rais Kibaki alipompa ukuu wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, ana miaka 70. Na mwaka huo huo huko Marekani alikofanya kazi miaka 30 kazuiliwa uwanja wa ndege wa Miami, mzee mzima anaulizwa jihadi maana yake nini.

Mambo makubwa yaliyomtangaza ni mawili, mihadhara ya Reith, ile ya redio ya BBC, mwaka 1979, na ile filamu ya tivii ya vipande tisa mwaka 1986, ya Waafrika na urithi wao wa aina tatu. Ile filamu iliwaudhi Wamarekani, taasisi ya serikali ilokuwa imetoa zaidi ya dola nusu milioni kuichangia, mkuu wake Lynne Cheney, mke wa yule Cheney aliekuja kuwa Makamu wa Rais, akataka jina la taasisi lifutwe asionekane kahusika. Tangazo gani la biashara zaidi ya hilo, kila mtu akakaa kuiangalia.

Hoja yenyewe ni kwamba Mwafrika kaumbwa na vitu vitatu, asili yake, Uislamu, na Uzungu, vinagombana na kuoana ndani ya mtu mmoja. Kwa mtu wa Zanzibar hii si nadharia, ni kutoka nje ya nyumba. Ukikaa Mkunazini unasikia adhana, mbele yako kanisa la Anglikana alilolijenga Askofu Steere pale palipokuwa soko la watumwa, na Julai ukienda Makunduchi kuna Mwaka Kogwa, watu wanapigana kwa migomba na kibanda kinatiwa moto, na wale wale Ijumaa yao wako msikitini. Sawa. Lakini kwa Zanzibar hesabu ya tatu inapunjika. Wahindi wako wapi nao? Ukiwatoa Wahindi Darajani unabaki na nini, na urojo tunaokula jioni kaleta nani, na Wangazija je, na Washirazi ambao kura za hapa zimehesabiwa kwa jina lao toka enzi za vyama vya mwanzo? Nadhani alijua, mtu wa Mombasa hawezi asijue, ila tatu inasikika vizuri kuliko tano, na yeye alikuwa mtu wa maneno yanayosikika vizuri. Ndo udhaifu wake. Akipata neno tamu anataka dunia ilifate neno.

Na kuna utumwa. Hapa ntasema na najua kuna watakaonuna. Mazrui alikuwa Mswahili mwenye nasaba ya Uarabuni, ukoo wenye watumwa, na katika filamu ile alipofika kwenye biashara ya watumwa ya Atlantiki sauti inapanda na alipofika kwenye ya kwetu huku sauti inashuka. Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria mwenye tuzo ya Nobel, alimshambulia sana, wakagombana kwa maandishi, wengine wakasema huyu kawaficha babu zake. Yeye hoja yake ilikuwa kwamba utumwa wa Kiarabu uliwameza watu, mtoto wa suria alikuwa huru na anaitwa jina la baba, anaweza akawa hata sultani, wakati Marekani tone moja la damu nyeusi likikufanya uhesabiwe mweusi tu. Na Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1992 ukamuweka kwenye jopo la kudai fidia ya utumwa kwa Wazungu, yuko na Abiola wa Nigeria na Miriam Makeba. Hapo wapinzani wake wakacheka. Mi siwezi kucheka, kwa sababu hilo ndo suala ambalo Zanzibar limeua watu na mpaka leo tunalizunguka kama shimo la choo usiku, kila mtu anajua lilipo na hakuna anaetaja. Yeye alau kalitaja, kakosea au kapatia, kaliweka mezani. Tungekuwa tumemsoma tungembishia. Na tungembishia vizuri kuliko Soyinka, kwa sababu sisi masuria tunawajua majina, ni bibi zetu.

Na hapo ndo ninaporudi kwenye lile likarasi la Sheikh Al-Amin. Baba kaandika Kiswahili, muuza samaki akabisha. Mtoto kaandika Kiingereza, akabishiwa na mshindi wa Nobel. Alikitetea Kiswahili, tena sana, kaandika na jamaa yake Alamin Mazrui vitabu vizima kuhusu Kiswahili na nguvu zake katika dola na jamii, hoja kwamba Afrika inatawaliwa kwa lugha ambayo wengi wanaotawaliwa hawaifahamu. Kaiandika kwa Kiingereza! Mi nikiifikiria hiyo nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Na kuna kubwa kuliko hilo, mwaka 2017, Ali keshafariki miaka mitatu, ule Uwongozi wa baba yake umetolewa Ulaya, umefasiriwa kwa Kiingereza, kazi nzuri ya wataalamu. Yaani ya baba ya Kiswahili imekwenda kwenye Kiingereza, na ya mtoto ya Kiingereza mimi sijaikuta Kiswahili kwenye duka lolote la vitabu kutoka Darajani hadi Chake. Daraja lina njia moja.

Siwezi kumlaumu yeye sana. Ulaji wake, wachapaji wake, wanafunzi wake, wote Kiingereza, na asingeandika hivo ile Miami wala wasingemsimamisha. Lakini kuna Mzanzibari, mwenzake kwa usomi, Profesa Haroub Othman, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambae nae dunia ilimjua na Kiingereza alikuwa nacho, na yeye mwaka 1992 akaanzisha hapa Kituo cha Huduma za Sheria, mtu masikini anasaidiwa bure, vijitabu vya haki vinaandikwa Kiswahili chepesi vinagawiwa mashamba. Alipofariki Juni 2009 hapa Unguja nakumbuka watu walokuwa wakilia walikuwa wengine hawajawahi kuingia chuo kikuu chochote. Jina lake dunia halikufika la Mazrui hata robo. Mi hawa wawili nawapima kila siku na mzani haujakaa sawa, siku nyengine namuona Haroub ndo alieijua kazi, siku nyengine nasema bila ya Mazrui kule juu nani angelisema jina letu.

Ninachojua ni kwamba kufasiri si kazi ya maiti. Tuna SUZA, chuo kikuu chetu cha Taifa, inatoa hadi udaktari wa Kiswahili, tuna BAKIZA, baraza letu la Kiswahili, tuna Julai 7 ya Siku ya Kiswahili Duniani watu wanavaa kanga na kofia wanahutubia. Ile mihadhara sita ya Reith ni mifupi, mtu mmoja anaejua kazi yake hamalizi mwaka. Tume za Muungano zimeundwa, kura ya maoni ya maridhiano tumepiga Julai 2010, tumekaa na Serikali ya Umoja wa Kitaifa, imevunjika imerudi, na mtu aliekaa miaka 50 akifikiri kuhusu mambo hayo hayo, nchi mbili kuungana, mshindi na mshindwa kuishi nyumba moja, maandiko yake yamekaa kwenye lugha ya watu wa ofisini.

Alifariki tarehe 12 Oktoba 2014 kule New York, na akausia azikwe kwao. Karudishwa Mombasa, kazikwa makaburi ya Wamazrui mkabala na Ngome ya Yesu, ngome ambayo babu zake walikaa ndani yake wakiigombania Pemba.

Sasa siku ile tulipotoka Chwaka tulikaa usiku barzani kwa wazee, kahawa imepita, mpwa wangu kama kawaida na simu yake, kaweka video ya Mazrui sauti juu. Mzee mmoja, ni fundi wa ngalawa, akauliza, "Nani huyo anahutubu?" Nikamwambia ni Mmazrui, mtoto wa yule Sheikh Al-Amin wa Mombasa. "Ala! Anasemaje?" Ikabidi nianze kufasiri, sentensi anasema yeye, mtoto anasimamisha, nasema mimi, Kiswahili changu kinagongana njiani lakini wanasikia. Ikawa ndo pale pale pa utumwa, mtoto wa suria kazaliwa huru, jina la baba, urithi wa baba, Marekani si hivo. Wazee wamenyamaza. Mwengine akasema kweli, ndo sharia. Yule fundi kaweka kikombe chini, mimi najua bibi yake wa kuumeni aliletwa hapa mdogo kutoka bara, akasema, "Mtoto huru, sawa. Na mama yake je? Si mpaka bwana afe ndo awe huru?"

Hapo ndo yakaanza, huyu anasema hivi, yule anasema umm walad, yaani suria aliezaa na bwana wake, ana haki zake, yule anasema haki gani za mtu aliyenunuliwa, sauti zimepanda hadi mke wa mwenye nyumba katoka kuchungulia, na yule fundi kamgeukia mpwa wangu, "Hebu rejesha nyuma hicho, nisikie vizuri kuhusu mama kasema nini."